Herufi Nane za Ukoo

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijalia, Mbuke alikuwa ameshafuta ubao, amepanga chaki na kukaa dawati la mbele. Baridi ya Mbeya mwezi wa Juni haina huruma, lakini yeye aliivumilia, maana dawati lile lilikuwa lake tangu kidato cha kwanza. Swali gumu la hesabu likiulizwa, darasa zima liligeuka kumtazama. Alizoea, na tuseme kweli, alipenda.

Mwaka huo, 1973, akahamia Evarista kutoka Iringa. Alikuwa msichana mpole, mwenye sauti ya chini, na hesabu alizijua. Mwanzoni Mbuke alimkaribisha vizuri. Kisha likaja jambo la kompyuta.

Mwalimu Crispin, aliyewafundisha hesabu, alikuwa na rafiki aliyefanya kazi kwenye kompyuta huko Dar es Salaam. Rafiki huyo alikubali kuwafanyia wanafunzi wake kazi moja, moja tu. Wangeandika maagizo kwenye karatasi za vijumba, kila herufi na kijumba chake, na kuzituma kwa basi pamoja na majina. Mashine ingeyafuata maagizo hayo, na majibu yangerudi yamechapwa. Kazi yenyewe ilitoka kwa Sista Lea, muuguzi wa kliniki ya watoto. Daftari lake lilijaa majina, mengine yamejirudia mara mbili tatu, naye alitaka orodha ya watoto waliofikia chanjo ya mwisho ya kifaduro, kila mtoto aandikwe mara moja.

Swali likawa, maagizo yaandikwe kwa lugha gani ya kompyuta? Mwalimu alikuwa na vitabu viwili, kimoja cha Fotran na kingine cha Kobol. Mbuke alikuwa amekisoma cha Fotran likizo nzima kwao Rujewa, huku akichunga ng'ombe wa baba yake, Mzee Budeba. Akasimama akaitetea kwa bidii: Fotran inapiga hesabu ngumu kwa mistari michache. Evarista akasema taratibu kwamba hapa hesabu ni kidogo, kazi kubwa ni majina na tarehe, na Kobol imetengenezwa kwa ajili ya orodha kama hizo. Mwalimu akafikiri, akakubaliana naye, na uongozi wa kazi akampa yeye.

Mbuke alitabasamu, lakini moyoni aliona wivu. Likizo nzima, halafu aje mgeni wa juzi apewe kila kitu! Akaacha kumsalimia. Evarista akisifiwa, Mbuke alijifanya anatafuta kifutio chini ya dawati.

Kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, Mbuke ndiye aliyepewa kunakili maagizo. Siku ya pili kalamu yake ikasita. Kwa jina la ukoo, Evarista alikuwa ametenga nafasi ya herufi nane. Kwao Iringa, kwa akina Sanga na akina Kalinga, nane zilitosha na kubaki. Lakini hapa Mbeya nusu ya darasa walikuwa akina Mwaka-fulani, na herufi tano za mwanzo zilikwisha kabla watu hawajaanza kutofautiana. Majina yangekatwa, na watoto wawili wangeonekana mmoja.

Evarista alikuwa dawati la pili, akichonga penseli. Neno moja tu lingetosha.

"Si ndiye anayejua," Mbuke akajisemea moyoni. "Basi ajue."

Akanakili vilevile.

Baada ya wiki tatu orodha ikarudi, karatasi pana ajabu, kila mtu akataka kuigusa. Mwalimu akamsifu Evarista mstarini mbele ya shule nzima. Sista Lea naye akaagiza dawa ya chanjo hospitalini kulingana na idadi ya watoto waliokuwa kwenye orodha.

Jumamosi wanafunzi walikwenda kliniki kusaidia, pamoja na Mwalimu Crispin. Mbuke alipewa kuita majina.

"Tupokigwe Mwakasun," akasoma, maana jina la ukoo liliishia hapo.

Wakasimama mama wawili. Mmoja alikuwa mke wa Mwakasunga, mwingine wa Mwakasungula, wote wa kijiji kimoja, na kila mmoja alikuwa na Tupokigwe wake. Sista Lea akatazama orodha, akatazama chupa zake, akasema dawa ni ya mtoto mmoja. Mke wa Mwakasungula, aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni, akauliza kwa upole kama arudi mwezi ujao. Huko milimani kifaduro kilikuwa kimeshaingia nyumba mbili.

Evarista akaanza kulia. "Kosa ni langu, Sista. Mimi ndiye niliyepanga."

Hapo Mbuke angeweza kunyamaza tena. Lakini mtoto yule alikuwa anamtazama juu ya bega la mama yake, akinyonya kidole.

"Niliona," Mbuke akasema. "Nilipokuwa nanakili niliona, nikanyamaza makusudi. Nilitaka ashindwe."

Kisha Sista Lea akawaletea daftari lake lile la majina. Wasichana wale wawili wakaketi bega kwa bega, wakalinganisha jina kwa jina, wakakuta watoto kumi na mmoja wamepotea kwenye orodha. Yotamu, mhudumu wa kliniki, akatumwa hospitalini kwa baiskeli na sanduku la barafu. Akina mama wakasubiri, na kabla ya saa tisa alasiri watoto wote kumi na mmoja walikuwa wameshachanjwa.

Mwalimu Crispin akamwita Mbuke pembeni.

"Tungechagua Fotran na kazi ningekupa wewe, ungetenga nafasi ngapi?"

"Ishirini, mwalimu."

"Kwa hiyo lugha yoyote ile ingetufaa, kama ungefungua mdomo. Evarista alikosea kwa kutojua, na mashine hata kujua haijui. Aliyejua kati yetu ni wewe peke yako. Ulimwonea wivu mwenzako, mwanangu, lakini aliyekaribia kuumia ni mtoto ambaye hata hamjuani. Elimu ukiificha kwa sababu ya wivu, huwezi kuchagua itamuumiza nani."

Mbuke akainamisha kichwa.

"Evarista ameshakusamehe, nimemsikia," mwalimu akasema. "Mke wa Mwakasungula bado hujamwambia kitu. Yupo nje, anambeba mtoto aondoke."

Mbuke akafuta machozi kwa mkono wa sweta, akatoka kumfuata.