Kiti cha Pili

Asubuhi ile mtaani Namungoona kulikuwa kutulivu. Ndizi za matooke zilikuwa jikoni, zimefungwa majani, na redio ya jirani ilikuwa ikiimba nyimbo za kanisani. Sempala alikuwa amesimama katikati ya chumba kidogo cha pembeni, futi ya fundi mkononi, akipima ukuta aliokwisha kuupima jana. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyerithi.

Sempala alikuwa mpiga video wa kwanjula, zile sherehe ambapo bwana harusi hupelekwa kujulishwa ukweni. Mkono wake ndio uliokuwa jina lake. Wenzake walisimika kamera kwenye miguu ya chuma. Yeye alipita katikati ya mashangazi waliopiga magoti, kamera begani, na picha ikatoka imetulia kama maji ya mtungini. Watu walisogeza tarehe za sherehe zao ili wampate yeye. Mkono ule ulijenga nyumba, ukalisha mke na mtoto wao Mirembe, na bila huo Sempala hakuwa na lolote la kujivunia.

Kwa muda mrefu alikuwa akitaka chumba cha sinema nyumbani. Wateja wangeketi gizani na kujiona wakubwa ukutani, sauti ikiwazunguka. Nyumba ilikuwa ndogo, na chumba kilichofaa kilikuwa kimoja tu. Shida ni kwamba, kabla ya asubuhi ile, mwaka mzima kilikuwa na mtu.

Mtu huyo alikuwa Namatovu, mama wa mke wake Nabukenya, aliyeletwa kutoka kijijini Butambala akiwa na kifua kibovu. Nabukenya alimchagulia mama yake chumba kile kwa sababu kilikuwa na mlango wake wa nje. Waganda wanajua: mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawaketi pamoja, hawali meza moja. Anayelivunja hilo hushikwa na obuko, mikono ikatetemeka hadi siku anapozikwa. Basi bibi yule alitoka na kuingia kwa mlango wake, na mkwewe akamsalimu kupitia ukutani. Heshima ilikuwepo, na hakuna aliyeumia.

Lakini mwenye tamaa hakosi sababu. Siku moja Sempala, mtu ambaye hajawahi kukesha hata matanga ya ukoo wake, aliikumbuka mila ghafla.

"Mama yako analala chini ya paa langu," alimwambia mkewe. "Mila hairuhusu. Nikipata obuko, mtakula nini?"

"Ana mlango wake, Baba Mirembe. Hamjawahi hata kuonana uso kwa uso."

"Paa ni moja."

Wakamhamishia kibanda cha mkaa nyuma ya nyumba. Bati lilikuwa na matundu na masika yalikuwa yameanza. Nabukenya alitandika, akafunika, akachemsha majani ya dawa, akalia. Kikohozi kikashuka kifuani, kikakaa.

Jioni moja Sempala alikuwa akipita hapo, bibi akamwita kutoka nyuma ya mbao.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Umenitoa kwa mila." Akakohoa, akapumzika. "Nami sitaivunja. Maadamu ningali hai."

Sempala alijibu, "Ahsante, mama," akaenda zake kuchagua rangi ya ukuta. Wiki haikuisha, Namatovu akafa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mkaa, na walipovisafisha havikutakata.

Walimzika Butambala kwa taratibu zote. Waombolezaji walileta mbugu, zile nguo za gome la mti tunazowavika maiti wetu, zikawa nyingi kupita haja. Zilizobaki Nabukenya alirudi nazo, akazikunja sandukuni.

Arobaini ya bibi ilikuwa bado Sempala alipomwita fundi Lubowa. Walianza na ule mlango wa nje. Wakauziba kwa tofali, kisha dirisha nalo, maana sinema haitaki hata uzi wa mwanga. Wakapaka dari rangi nyeusi. Projekta wakaining'iniza juu ukutani, pale pale mlango ulipokuwa, nuru yake ipite juu ya vichwa. Viti vikaenea viwili tu, vyenye mito minene, vimegusana mikono.

Ikabaki sauti. Chumba kidogo kina ubishi wake: ukipiga kofi, kofi linakurudia usoni. Kinahitaji kitu kinene cha kuimeza sauti. Sempala alifikiri kidogo, akaenda sandukuni.

"Sebo," Lubowa alisema taratibu, kwa heshima, "hizi si za msiba?"

"Ni gome la mti tu, Lubowa. Linameza sauti kuliko godoro."

"Hizi tunafungia maiti."

"Basi sisi tunafungia chumba. Leta misumari."

Lubowa aliweka nyundo chini. "Pigilia mwenyewe, rafiki yangu. Mimi nina watoto."

Sempala akapigilia mwenyewe. Msumari kwa msumari, ukuta hadi ukuta, mkono wake haukukosea hata mara moja. Nabukenya aliporudi kutoka sokoni, alisimama mlangoni akazitambua nguo za mama yake. Aliupapasa ukuta polepole, kama mtu anayepapasa bega la mgonjwa.

"Viti viwili?" aliuliza.

"Changu na chako."

"Mimi sitaketi humo," Nabukenya alisema. "Hicho cha pili kina mwenyewe."

Siku ya kukijaribu chumba, Sempala alivaa kanzu yake nyeupe, ile ya kwendea kazini. Ilikuwa saa nane mchana. Nje jua lilikuwa kali na watoto walikuwa wakicheza mpira. Aliingia, akafunga mlango wa ndani, akaketi. Giza lilikuwa safi kabisa. Akacheka peke yake kwa raha.

Akawasha. Kwanjula ya Entebbe ikajaa ukutani: mahema, mavazi ya gomesi, mashangazi wamepiga magoti. Picha ilikuwa tulivu. Sauti ilikuwa nzuri. Kisha ikaanza kupungua, ingawa hakuwa amegusa kitu. Ngoma zikamezwa. Vigelegele vikamezwa. Kikabaki kikohozi.

Alidhani kimo ndani ya picha. Akasikiliza. Kilikuwa nyuma yake.

Sehemu ya chini ya picha palikuwa na kivuli. Kichwa cha mtu aliyepiga magoti, kimefungwa kitambaa. Sempala aligeuka. Projekta. Ukuta. Hakuna mtu. Akatazama mbele tena. Kivuli kilikuwa kimeinuka kutoka magotini. Kikawa kinatembea. Kikatoka kwenye picha upande wa kushoto, upande wa kiti cha pili.

Umeme ukakatika.

Mto wa kiti cha pili ulizama taratibu. Ukatoa pumzi. Harufu ya mkaa uliolowa ikajaa chumbani.

"Nimekuja kuketi, mkwe wangu."

Hakuweza kusimama. Hakuweza kugeuza shingo. Mkono wa baridi ulipapasa juu ya kanzu, ukashuka, ukakipata kifundo cha mkono wake wa kushoto. Ukakamata.

"Mama Mirembe!" Sauti yake haikufika hata ukutani. "Mama Mirembe! Fungua!"

Mlango ulifunguka. Mwanga wa mchana ukamwangukia usoni. Nabukenya alikuwa amesimama hapo, kitambaa cha jikoni mkononi. Alimtazama mumewe. Kisha akakitazama kiti cha pili, akakitazama kwa muda mrefu, na machozi yakamtoka. Akapiga magoti.

"Umeshindaje, mama?"

Akatega sikio kama anayesikiliza jibu. Akaitikia kwa kichwa.

"Mtoe," Sempala alinong'ona. "Nakuomba. Mtoe."

"Apite wapi?" Nabukenya aliuliza. "Mlango wake si uliuziba?"

Akainuka, akaufunga mlango polepole, kama unavyoufunga kwa wageni wanaozungumza.

Sasa Sempala hashiki kamera. Hashiki hata kikombe. Chai humwagika kabla ya kufika mdomoni. Alitaka tofali zibomolewe, na hakuna fundi anayekubali kuugusa ukuta ule, Lubowa akiwa wa kwanza. Mikono yake hutulia mahali pamoja tu. Kila siku saa nane mchana huingia chumbani mwenyewe, huketi kiti cha kwanza gizani, na mkono wa kushoto hunyamaza kabisa, kama mkono ulioshikwa.

Shati amelishindwa kwa sababu ya vifungo, kwa hiyo siku zote yumo ndani ya kanzu. Nabukenya huifua. Kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo, kuna alama nne nyeusi za vidole na ya tano ya gumba. Mwanzoni alizisugua kwa majivu na limau, na kesho yake zilikuwa zimerudi. Siku hizi hasugui tena. Huianika tu kanzu juani, upande wenye vidole ukiitazama barabara, wapitao waone.