Kingo za Ndani

"Bastola mpya ikiwa na mkono wa fundi aliyetekwa, sema unachukua mzigo wote. Tutazifuata pesa mpaka karakanani, tumtoe. Usipoukuta, sema haifai. Tutaingia hapo hapo."

Sauti ya Mkuu kwenye redio iliyofichwa ndani ya hereni ikakatika.

Sindano, jasusi aliyejifanya mnunuzi wa silaha, alipanda ngazi za duka la vipuri. Mkobani alikuwa na bastola ya sampuli, aliyopewa na wauzaji miezi miwili nyuma. Ilikuwa kazi ya kaka yake, mkereza vyuma aliyetekwa na wafanya magendo. Aliitambua siku alipoishika.

Chumba cha juu kilinuka grisi. Mwuzaji, waliyemwita Tajiri, alimsukumia bastola mpya. Iling'aa kama kioo.

Sindano aliifungua, akaweka lenzi jichoni.

Nje ilikuwa laini. Lakini matundu ya pini yalikuwa yamelika midomo, na namba zimefifia. Hiyo ni mashine ya kung'arishia. Kaka yake hakuipenda. Yeye alikuwa mtu wa msasa na kibao, siku tatu kwa chuma kimoja.

Labda walimharakisha.

Akachungulia chemba ya risasi. Alama za kekee ya kutobolea zilizunguka kama nyuzi za skrubu, hazikulainishwa.

Labda aliumwa.

Tajiri akamuuliza kama amekuja kununua au kuposa. Sindano akatabasamu. Ilibaki sehemu moja. Utotoni, kaka alimfundisha kulainisha kwa tupa hata kingo za ndani, zisizoonwa na mtu. Alikuwa akisema, iko siku mtu ataisafisha, mdogo wangu, asichanike kidole.

Akapitisha kidole gumba kwenye kingo hizo.

Kikachanika.

Aliitazama damu. Angeweza kusema anachukua. Kaka angeishi wiki moja zaidi, kichwani mwake tu. Na Tajiri angebaki huru kuingiza bastola mia mbili nyingine mitaani.

"Haifai," alisema.

Tajiri aliudhika. "Unamtaka yule mkaidi wa sampuli? Kifua kilimmaliza mwezi uliopita. Huyu wa sasa anamaliza tano kwa siku."

Chini, mlango ulivunjwa.

Tajiri aliiunganisha tena bastola kwa mkono mwepesi, akasukuma magazini ya risasi, akaikoki. Mdomo wa bastola ukamkabili Sindano.

Akafyatua.

Kimya. Risasi ilikuwa imekwama nusu njia, kwenye ile chemba mbovu.

"Nimeshakwambia haifai."

Sindano alimsukumia meza tumboni, akamlaza sakafuni, akamfunga pingu. Vijana wa Mkuu waliingia wakahesabu masanduku. Yote yalikuwepo. Kabla ya kufika garini, Tajiri alishataja karakana ilipo.

Redio ikaamka.

"Kazi safi. Ile sampuli ya zamani ni kielelezo cha mahakamani. Ikabidhi."

"Naileta."

Hakuna aliyemwuliza juu ya fundi. Alishuka ngazi bila haraka, miwani ya jua usoni, mkono ndani ya mkoba. Kidole kilichochanika kilipita kwenye kingo za ndani za bastola ya kaka yake, mwanzo hadi mwisho.

Hakikukwaruzwa popote.