Karatasi ya Kwanza

Mchana ule ulianza kama mwingine wowote. Pale mjini Tainan, kwenye ofisi ya wachora majengo, taa huzimwa saa sita na nusu, kila mtu hulaza kichwa mezani, na kwa saa nzima watu wazima kumi na mmoja hukoroma kama watoto wa chekechea. Bing-yao peke yake hakulala. Alikaa gizani akiikodolea macho skrini yake, na ilipofika saa saba kasoro dakika kumi, kikajitokeza kile kijisanduku cha kila mchana: Mchoro uliounganishwa umebadilika. Uupakie upya?

Mchoro wenyewe ulikuwa wa kuta za zahanati, kazi ya mkewe, Siang-lan. Na Siang-lan alikuwa amefariki siku arobaini na nane zilizopita.

Kazi yao ndivyo ilivyo. Mmoja huchora kuta, mwingine nyaya, na Bing-yao alichora mabomba. Mchora mabomba hanakili kuta. Huziunganisha tu, zikaonekana chini ya mistari yake, na mwenye kuta akisogeza mlango, mlango husogea kwa wote. Kompyuta haibebi mchoro ule. Inakumbuka tu njia ya kufika mahali ulipohifadhiwa.

Hapo ndipo alipokosea. Kuta zilipaswa kuunganishwa kutoka kwenye hifadhi ya ofisi, ambayo haizimwi. Yeye, kwa uvivu, aliziunganisha moja kwa moja na kompyuta ya mkewe, iliyokuwa meza ya pili. Alifanya hivyo kwenye karatasi zote sitini na tatu za mabomba, na kila karatasi ilikuwa faili la peke yake.

Jumamosi moja akaja ofisini peke yake kumalizia kazi. Kompyuta ya mkewe ilikuwa imezimwa, kwa hiyo kuta hazikuonekana, na mabomba yalining'inia hewani. Kurekebisha njia karatasi moja moja kungemla asubuhi nzima. Akaona simu ni rahisi zaidi. Akampigia Siang-lan aje awashe mashine, maana nenosiri alilijua yeye tu. Siang-lan akapanda pikipiki yake, na lori likamgonga kwenye makutano, hatua mia mbili kutoka mlango wa ofisi.

Kwenye mazishi Bing-yao aliwaambia watu kwamba mkewe alikuwa akimletea chakula.

Siku tatu baadaye bosi aliamuru kompyuta ile ifutwe, ikachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Bing-yao alikaa akisubiri kuta zipotee. Hazikupotea. Aliinama chini ya meza ya pili, akaona waya zimelala sakafuni, hazikuunganishwa na kitu. Akafungua orodha ya michoro iliyounganishwa. Jina la mashine ya mkewe lilikuwepo, na pembeni yake neno moja: Umepatikana.

Hakumwambia mtu. Tangu siku ile hakuifunga tena karatasi ya kwanza, hakuzifungua zile nyingine, wala hakuizima kompyuta yake, kwa hofu kwamba akiifunga na kuifungua tena, mashine ya mkewe haitapatikana. Kila mchana kijisanduku kilikuja, naye akabonyeza ndiyo. Hakuna mstari uliosogea. Lakini alijua hayuko peke yake, na aibu iliyoje, alifurahi.

Jioni ya siku hiyo ya arobaini na nane, Pei-jyun, mdogo wa marehemu, akapiga simu. Yeye ndiye aliyemwandalia dada yake chakula kila baada ya siku saba, kisha akarusha sarafu mbili kumuuliza kama ameshiba. Moja ikilala kichwa na nyingine mwandiko, amekubali. Zikilingana, bado.

"Shemeji, dada haji kula," alisema. "Mara sita nimeandaa. Mara sita zimekataa."

"Labda unazirusha vibaya."

"Nazirusha tangu bibi afe, usinifundishe leo." Sauti yake ikashuka. "Jana nikauliza kama amefika hata mlangoni. Zikakataa. Nikauliza kama kuna mahali anakwenda, zikakubali. Shemeji, kuna mtu alimwita?"

Bing-yao akakata simu. Kesho yake ilikuwa siku ya arobaini na tisa. Baada ya hapo meza ya chakula huondolewa, na asiyekula hadi siku hiyo huondoka na njaa yake. Usiku kucha alilia, maana alijua jibu.

Mchana wa siku ya mwisho taa zikazimwa. Watu wakalala. Kijisanduku kikaja.

Safari hii hakubonyeza.

Klik.

Sauti ilitoka meza ya pili. Meza ile haikuwa na kitu juu yake. Klik. Kisha tena, polepole, kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa kwa ndani. Hakugeuza shingo.

"Lan," alinong'ona. "Kosa lilikuwa langu. Ningeweza kuirekebisha njia mwenyewe. Usije tena kazini. Nenda nyumbani ukale."

Klik zikakoma.

Akaukata muunganisho. Kuta zikatoweka zote kwa mara moja, na mabomba yakabaki hewani. Akaunganisha nakala iliyokuwa kwenye hifadhi ya ofisi, akahifadhi, kisha kwa mara ya kwanza baada ya wiki zote hizo, akaifunga karatasi ya kwanza.

Taa ziliwaka. Simu ikatetemeka mezani.

"Amekula," Pei-jyun alisema huku akilia. "Mara tatu mfululizo zimekubali. Sasa hivi tu."

Bing-yao alifuta uso, akafungua karatasi ya pili aendelee kurekebisha. Njia yake ilikuwa imesharekebishwa. Ya tatu pia. Akazipitia zote hadi ya sitini na tatu, na zote zilichukua kuta kutoka kwenye hifadhi ya ofisi, kama ilivyopaswa tangu mwanzo. Kwenye kila moja, mahali pa jina la aliyehifadhi mara ya mwisho, paliandikwa Siang-lan.

Ilikuwa imebaki ya kwanza tu. Karatasi iliyofunguliwa na mtu mmoja haimruhusu mwingine kuihifadhi, kila mchoraji analijua hilo.

Akatazama tarehe. Karatasi ya mwisho kati ya zile sitini na mbili ilihifadhiwa siku ya tisa baada ya kifo, saa saba kasoro dakika kumi mchana. Siku arobaini zilizofuata, mkewe alikuwa akija na njaa yake, akimsubiri aifunge hii moja.