Picha ya Kyoto

Mvua ilishuka ghafla juu ya soko la Butembo. Kijana mmoja aliyevaa koti la kijivu akakimbilia chini ya turubai ya Godelive, muuza vitenge, na kiatu chake chenye matope kikatua juu ya kitambaa kipya.

— Papa, ile ni kitenge ao paillasson ya kupangusia viatu? Godelive akauliza.

— Pardon, mama! Nitainunua.

— Utaivalia wapi, weye?

— Japani.

Godelive akacheka mpaka akashika nguzo. Lakini kijana yule, Esdras, bwana shamba, alisema kweli: alikuwa anaenda huko kujifunza kilimo cha chai. Kabla ya safari alipita kwa meza ya Godelive mara nyingi hata majirani wakaanza kumwita shemeji.

Kutoka Japani alipiga simu ya video. Alimtembeza Godelive katika mji wa Kyoto, chini ya milango myekundu ya mbao iliyopanda mlima, mlango mmoja nyuma ya mwingine. Huko Nara, swala walimwinamia kichwa wakiomba biskuti.

— Chérie, ona! Nyama ya pori inanisalimia!

— Iko na njaa tu. Sawa weye.

Siku nyingine, milimani, alimwonyesha kijiji cha nyumba zilizoezekwa majani mazito. Sauti yake ikabadilika.

— Inafanana na nyumba ya koko yangu, mama ya baba. Siku moja tutaiona pamoja.

Kisha picha ikafika Butembo, ikiruka toka simu hadi simu. Esdras amevaa kimono nyeusi mbele ya hekalu. Pembeni yake, mwanamke mzuri mwenye kimono ya maua, mwavuli wa karatasi mkononi. Wote wanacheka.

— Ile ni ndoa ya kule, akasema Kavuo, jirani wa sokoni.

Godelive hakuuliza. Alikata simu zote. Usiku alilia, mchana aliuza. Aliposikia kwamba Esdras atashuka Beni, alivaa kitenge chake cha bluu, akajipaka mafuta, akashika barabara. Alitaka kumtukana uso kwa uso.

Kwenye uwanja wa ndege, aliyetoka wa kwanza ni yule mwanamke wa picha. Lakini mwanamke akatupa sakoshi chini, akakimbia, akamrukia mwanaume mmoja mnene aliyebeba mtoto.

— Bwana yangu! Ee, mutoto amekomala!

Nyuma yake akatokea Esdras, amekonda.

— Ule ni nani? Godelive akauliza.

— Jemima, wa Mulekera, hapa Beni. Tulisoma pamoja kule. Kimono banapangisha kwa batalii, chérie. Hata bazungu banaivalaka!

— Na juu ya nini haukuniambia?

— Ulinikatia telefone! Nilienda kuangalia mulima Fuji, iko na teluji juu, muzuri sana. Nikakosa mutu wa kuambia. Nikarudi kukaa mu bus.

Godelive alijaribu kununa. Pumzi ndefu ikamtoka, kisha machozi, kisha kicheko.

— Nilikuya kukutukana.

— Tukana basi.

— Matusi imenipotea.

Esdras akamshika mikono yote miwili.

— Godelive, nikuye kuona baba yako?

Akajipangusa macho, akainua valizi ya Esdras kichwani, akatangulia.

— Baba hapendi maneno mingi. Kuya na mbuzi.