Kifungu Alichokikataa Reetta

Ukumbi wa soko wa Tampere, mji wa Ufini, ulifurika watu, makoti yakisuguana. Kwenye foleni ya soseji nyeusi za damu, kijana mmoja wa sweta ya kijani alimwona Reetta akitetemeka kwa njaa, akampa karatasi yake ya namba.

"Shika, dada. Ya kwako itafika kesho."

"Na wewe utakula nini?"

"Utanibakishia."

Akambakishia kweli, na jamu ya beri pembeni. Kijana aliitwa Veikka. Kumbe wote wawili walikuwa wakiitafsiria ofisi moja masharti ya tovuti, Kiingereza kwenda Kifini, kila mtu nyumbani kwake. Wakapendana.

Theluji ilipoanza, Reetta alipewa masharti ya duka la majiko la mtandaoni. Kifungu kimoja kilisema mnunuzi akishabonyeza "nakubali", hawezi kudai chochote, hata jiko likiungua. Sheria ya Ufini haikubali hivyo. Reetta akakiacha bila kukitafsiri, akaandika pembeni: mwambieni mwenye duka hiki hakifai hapa. Ofisi ikamjibu kwamba mhakiki, yule anayekagua tafsiri, ameshakijaza na kukipitisha. Katika kazi ile, mtafsiri na mhakiki hawajuani kwa majina.

Jioni Veikka akapiga simu, anacheka.

"Mpenzi, leo nimehakiki masharti ya duka la majiko. Mtafsiri wake mbishi huyo, hujaona."

"Mbishi huyo ni mimi."

Veikka akaacha kucheka.

"Reetta, sisi tunatafsiri tu. Tukikataa, watampa mwingine."

"Wampe. Bibi yangu atabonyeza pale, Veikka. Jiko likiungua ataamini hana pa kwenda, atanyamaza. Sisi watu wa huku kitu kikishaandikwa tunatii."

"Mpenzi, nisikilize."

"Sikusikilizi. Na usinipigie."

Akakata. Alilia akiosha vyombo, lakini ofisi ilipomtaka akikubali kifungu kile, alijibu neno moja: sikubali. Wakamwachisha kazi.

Jumamosi mlango ukagongwa. Veikka, kofia imejaa theluji, mkate mtamu bado wa moto chini ya koti. Akavua viatu bila kuambiwa, akaupanga mkate mezani.

"Nimeiondoa idhini yangu. Wamenifukuza."

"Na mimi pia."

"Na kifungu wamekiweka hivyo hivyo."

Reetta akamfuta theluji shingoni, kisha akafungua kompyuta. "Basi tunawaandikia wasimamizi wa haki za wanunuzi. Kaa hapa."

Veikka akakaa. "Reetta, utaolewa na mtu asiye na kazi?"

"Nitaolewa," akasema, akimsogezea kompyuta. "Lakini andika kwanza."