Uso Usioguswa

Benta Aloo aliuza omena katika ufuo wa Dunga kwa miaka kumi na tisa. Kila asubuhi alianika samaki hao wadogo juu ya nyavu kuukuu, akawageuza, akafukuza ndege. Miaka ya karibuni alifanya kazi hiyo akiwa amejifunga leso usoni, hata jua likiwa kali. Upepo wa ziwa ukimpata shavu la kulia, alisimama wima kama mtu aliyeshikwa na waya wa stima. Machozi yalimtoka. Kisha maumivu yalipita, naye akaendelea kuanika.

Yalianza siku moja akitafuna muhogo. Alidhani ni jino. Mtu mmoja wa kung'oa meno huko Mamboleo alimng'oa moja. Maumivu yakabaki. Akamng'oa la pili, kisha la tatu. Yote matatu yalikuwa mazima. Kutafuna, kuongea, kunawa, hata kucheka kuliyaamsha maumivu. Benta akawa wa kunywa uji, akakonda. Mume wake, Oluoch, fundi wa mashua, akazoea nyumba iliyo kimya.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, Frankline, kaka yake Benta, alifariki huko Awasi. Kwa desturi ya Waluo, mwanamke akifika kwa marehemu hulia kwa sauti tangu langoni. Ndiyo heshima. Benta alifika langoni, akafungua mdomo mara moja. Maumivu yakampiga. Akaufunga, akaingia kimya na leso yake.

Wanawake walitazamana. Apiyo, mke wa marehemu, hakuvumilia.

"Wifi, hata kuku akishikwa, wenzake hupiga kelele," alimwambia mbele ya watu. "Wewe umekuja kuhakikisha amekufa?"

Benta alikaza leso shavuni. Kufikia jioni ilikuwa imeshasemwa kwamba anajua kilichomuua kaka yake. Hakuitwa tena Awasi.

Aliporudi hakwenda kuanika. Alilala akiutazama ukuta. Jirani yake, Valarie Wakhisi, muuguzi, alikuja kumpa pole. Alimtazama kwa muda. Shavu la kushoto lilikuwa safi. La kulia lilikuwa na masizi na vumbi la siku nyingi.

"Mama Okinyi," alimwita kwa jina la mwanawe, "mbona unanawa upande mmoja?"

Benta alisema bila kusogeza midomo. "Huu ukiguswa ni moto. Sista, namwomba Mungu anichukue. Kila siku namwomba."

Valarie hakumkemea. Alivuta kigoda, akakaa. Aliuliza maumivu hukaa muda gani, hupita wapi, na nini huyaamsha. Kisha alimweleza. Usoni kuna neva, nayo ni kama waya unaopeleka habari kwenye ubongo. Mara nyingi, ndani ya kichwa, mshipa wa damu huigusa neva hiyo na kuigongagonga mpaka ganda lake linachubuka. Waya uliochubuka hutoa cheche.

"Si meno, si uchawi," alisema. "Ni ugonjwa, na una matibabu. Na siku ukijiona unataka kufa, usikae na wazo hilo peke yako. Niite, au mwambie Baba Okinyi, siku hiyohiyo."

Kesho yake alimpeleka kliniki. Daktari aliandika vidonge. Benta aliposikia kwamba wenye kifafa nao huvimeza, alitaka kuvirudisha. Valarie alimwambia dawa ileile hutuliza neva, na kwamba dawa za kawaida za maumivu hazisaidii ugonjwa huu. Kwa miezi saba Benta alipata nafuu. Kisha maumivu yakarudi. Dawa ikaongezwa, akaanza kuyumba. Wanawake wa Dunga walisema Benta sasa amepata rafiki, anaitwa chang'aa, ile pombe kali. Siku moja alianguka majini na karai lake. Alitaka kuacha vidonge papo hapo. Valarie alimkataza kuviacha ghafla, kwani kuna hatari, akamrudisha kwa daktari.

Ndipo walipotumwa hospitali ya rufaa, kwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Picha ya kichwa ilionyesha mshipa umeilalia neva. Daktari alieleza njia mbili. Ya kwanza, kufungua tundu dogo nyuma ya sikio, kuusogeza mshipa na kuweka kipande laini kati yake na neva. Nafuu yake ndiyo hudumu zaidi, lakini ni upasuaji mkubwa. Sikio linaweza kupungukiwa na nguvu ya kusikia. Mara chache mtu hupooza, au hufa. Ya pili, kupitisha sindano shavuni na kuichoma neva. Hiyo ni nyepesi, na huwafaa wazee na walio dhaifu. Lakini uso huweza kufa ganzi, na maumivu huweza kurudi baada ya miaka michache. Moyo na presha ya Benta vilikuwa sawa. Angeweza kuchagua.

Oluoch alisema kichwa cha mtu si mashua, hakibanduliwi ubao. Alitaka sindano. Mzee wa kanisa naye alikuwa amewaonya kwamba kufungua kichwa ni kumjaribu Mungu. Lakini daktari alimgeukia Benta.

"Mama, wewe unasemaje?"

"Nyuma ya sikio."

"Na nikikupoteza, Nyar Awasi?" Oluoch aliuliza. Ndivyo alivyomwita walipooana, binti wa Awasi.

"Umeshanipoteza, Baba Okinyi. Mwaka wa tatu huu unaishi na leso." Benta alipumzika, maumivu yakapita. "Mungu ndiye aliyempa daktari mikono. Nikifa, nife nikitafuta uzima."

Oluoch aliinamisha kichwa. Benta akatia sahihi mwenyewe.

Upasuaji ulichukua saa nne. Benta alipozinduka, jeraha lilimuuma, na kwa siku mbili alitapika. Siku ya tatu muuguzi alipitisha kitambaa cha maji kwenye shavu la kulia. Benta alifumba macho, akangoja. Hakuna kilichokuja. Akaushika mkono wa muuguzi, ukakaa palepale.

Vidonge alipunguziwa polepole, na daktari. Sasa Benta anakula, anaongea, anauza. Lakini maneno ya Awasi hayajafutika, na Apiyo bado hapokei simu yake. Sikio la kulia nalo limepungua nguvu. Mtu akimsemesha upande huo, hasikii vizuri.

Oluoch hakulalamika. Chai ikiiva, huchukua kigoda chake, humzunguka mkewe, hukaa kushoto kwake, ndipo huanza kumpa habari za siku.