Safu Isiyokuwa na Damu

Mpimaji aliwasha kompyuta ya maabara, akaingiza vipimo vya sampuli ambazo kiasi chake cha risasi alikijua, na programu ikamchorea mstari uliopinda wa kulinganishia. Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Kila damu ya mfanyakazi wa kiwanda cha betri ikishasomwa na mashine, programu huifuatisha kwenye mstari na kutoa kiasi cha madini ya risasi kilichomo. Lakini chini ya sampuli ya mwisho palikuwa na safu nyingine. Haikuwa na jina wala damu, ila jibu ilikuwa nalo: sabini na moja. Sumu ya kumlaza mtoto kaburini.

Akaifuta. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Jioni hiyo mwanawe wa pekee alianguka mezani akitupa mikono na miguu, povu mdomoni. Damu yake aliipima mwenyewe. Sabini na moja.

Mganga aliyeletwa na mumewe hakuvuka kizingiti cha maabara.

“Humo mna jini,” alinong'ona, kiganja puani. “Hana jina, na hapendi kufutwa. Ulipomfuta, akajichukulia jina la mwanao.”

“Atamwachaje?”

“Mpe jina jingine. La mtu wa nyumbani kwako. La mgeni hataki.”

Mpimaji alipobaki peke yake maabarani alisikia vitufe vikibonyezwa na vidole asivyoviona, polepole, herufi kwa herufi, jina la mwanawe likijiandika kwenye ile safu, na ile harufu ikarudi, na pumzi ya moto ikamgusa shingoni kama ya mtu aliyeinama kusoma begani mwake, naye akamfikiria mumewe, akashindwa kuandika jina lake, akalifuta jina la mtoto na kuandika la mama mkwe wake, ambaye saa hiyo alikuwa nyumbani akimkanda mjukuu kwa maji ya uvuguvugu.

Mtoto aliamka akiomba chakula. Bibi akaugua, akalazwa kwenye kitanda kilekile.

Mpimaji alimuuguza kwa moyo wote, hata majirani wakamsifu. Mchana mmoja mgonjwa alimshika mkono.

“Mwanangu, kuna mtu ananiita.”

“Lala, mama. Hakuna mtu.”

“Yupo. Hanyamazi tangu juzi.” Macho yake yalitulia kwenye midomo ya mkwewe. “Sauti ni yako. Unaniitaje, nawe umefumba mdomo?”